Usiku wa kwanza baada ya kutolewa kifuko cha nyongo

Ndugu zangu, nimerudi nyumbani salama, namshukuru Mungu. Jumanne nilitolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo, manne tu tumboni.

Kilichonitisha ni maumivu ya baadaye. Mwaka 2019 nilifanyiwa upasuaji kama huu wa uvimbe kwenye ovari, na ganzi ilipoisha usiku nililia hadi alfajiri. Safari hii nilimwambia daktari wa usingizi mapema. Akanisikiliza, kisha akanieleza: nikishalala, ataongoza sindano kwa ultrasaundi, aweke dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini kati ya misuli ya tumbo, pande zote mbili, akiwa ameichanganya na deksamethasoni kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe. Bupivakeini peke yake hufanya kazi saa kadhaa tu. Ikiongezewa deksamethasoni, ganzi hukawia kuisha. Wapo wanaotumia badala yake deksmedetomidini, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, lakini hiyo yaweza kushusha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo huhitaji uangalizi wa karibu.

Usiku ule nililala! Parasetamoli na diklofenaki zilitosha, mofini sikuihitaji. Bega la kulia ndilo lililonisumbua siku mbili. Kumbe ni ile hewa ya ukaa wanayojazia tumbo: huchokoza kiwambo, msuli wa kupumulia, na neva yake hupeleka maumivu begani. Ganzi ya tumbo haifiki huko. Kutembea polepole kulinisaidia.

Dada zangu mnaosubiri upasuaji, mwulizeni daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe: maumivu yangu ya usiku mmeyapangia nini?