Jumamosi yangu na Girl Guides wa Likoni

Saa kumi na moja unusu alfajiri napiga pasi sare, nabandika beji ya majani matatu. Yale majani ni sehemu tatu za ahadi yetu, lakini jirani akiniona huuliza lile lile: "Mwalimu, leo gwaride la nani?" Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti, wako Kenya tangu 1920, na bado watu wanatujua kwa kupiga saluti tu. Mimi ndiye kiongozi wao, na mshahara wenyewe hakuna. Katikati ya wiki nafundisha darasa la tano.

Saa moja unusu, langoni wamefika wasichana 17. Wa 18 kaja babake, peke yake.

"Mwalimu, mimi namsomesha binti yangu. Hizi kamba na nyimbo zitamlisha?"

"Mzee wangu, leo ni huduma ya kwanza."

"Kwani hospitali zimefungwa?"

Nikavumilia. Akahamia kwa skauti, akahamia kwa sketi, akasema wasichana wakizurura mjini huota pembe. Wasichana wanasubiri, jua linapanda, mimi natabasamu hadi mashavu yanauma. Mwishowe ndipo likatoka: mkewe yuko Kongowea sokoni, mtoto mdogo atabaki na nani?

"Aje naye."

Akadhani natania. Kidogo tu, huyo binti, sare safi, mdogo wake wa miaka miwili mgongoni kwa leso, kamasi zinamtiririka.

Feri, msongamano, kuhesabu vichwa. Matatu, kuhesabu tena. Tononoka, kule kisiwani Mombasa kwenye mafunzo, tulifika saa ngapi hata sijui. Nilishaacha kutazama saa.

Mafunzo yenyewe ni kumfunga aliyeumia mkono. Unaikunja skafu pembe tatu, unaulaza mkono ndani, ncha unazifunga pembeni mwa shingo: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukikosea fundo linateleza. Kila mmoja alimtaka yule mtoto awe mgonjwa wake, naye akawalilia wote. Kwa dadake akatulia. Alimfunga mara moja, taratibu, akimpulizia usoni, na kuanzia hapo akakataa kabisa kufunguliwa.

Kurudi nilimbeba mimi. Mgongo unawaka, viatu vimenibana, skafu yangu imeshakuwa kitambaa cha kamasi.

Babake alikuwa langoni. Akauona mkono.

"Mwalimu! Amevunjika?"

Nguvu za kujibu sikuwa nazo. Nikamwachia binti yake amweleze.