Litowa, wiki ya tisa: ulikuja au uliletwa?

Ile karatasi ya miaka niliyobandika ukutani nimeichana tena, mara ya pili sasa. Mke wangu kanishauri ninunue ubao.

Ninachoandika ni historia ya Litowa, kijiji cha Songea Vijijini. Nataka kurasa arobaini hivi, zisizidi, ili wajukuu wazimalize. Mwanzo wake haunisumbui. Mwaka 1960, Uhuru haujaja, vijana wa TANU Youth League chini ya Ntimbanjayo Millinga waliingia porini walime pamoja. Mara ya kwanza njaa iliwashinda, wakatawanyika. Wakarudi. Majirani nao wakaiga, ikazaliwa Ruvuma Development Association, RDA, na kufikia 1969 vijiji vilikuwa 17. Hakuna aliyeswagwa kwenda huko. Walikuwa na mashine yao ya kusaga Songea mjini, na pale Litowa palikuwa na shule chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka. Watoto wa shule hiyo walishika kalamu na jembe hata kabla Nyerere hajatoa sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967.

Kinachonikwamisha ni kilichofuata. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Mali ikachukuliwa, walimu wakahamishiwa shule nyingine. Kisha Novemba 1973 ikatoka amri: kuishi kijijini ni lazima, na mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Sasa sikiliza rekodi zangu za mazungumzo na wazee: kijiji cha ujamaa, shamba la pamoja, mwenyekiti. Maneno ni yale yale kwa nyakati mbili zisizofanana hata kidogo, na mimi nimekuwa nikizichanganya kwenye karatasi moja.

Kosa lilikuwa kwenye swali. Nilikuwa nauliza, "Ilikuwa mwaka gani, babu?" Babu anatazama dari, anataja mwaka wowote ili aniridhishe, ananikaribisha ugali. Wiki mbili zilizopita nikabadilisha: "Ulikuja au uliletwa?"

Hapo watu wakafunguka. Mzee mmoja alijibu kabla sijamaliza: "Nilikuja mwenyewe, na jembe langu begani. Aliyeletwa ni huyu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. Bibi akaacha kupepeta mahindi. "Nililetwa na wewe, si na serikali. Muandikie hivyo hivyo."

Nimemuandikia hivyo hivyo, na safu yangu ya "walioletwa" imebidi niigawe, maana nusu ya akina mama niliowaweka humo waliolewa tu. Kumbe hata swali zuri lina upofu wake. Kwa wanawake sasa nauliza kwanza: ulikuta nani hapa, na nani alikukuta wewe?

Rekodi 11 zimeshapangwa upya, bado 6. Mbili kati ya hizo zina Kingoni kingi kuliko Kiswahili, nazo zinamsubiri shangazi aje Jumamosi. Ameniomba sukari kilo mbili kama malipo. Nimekubali bila kubisha.