Msimamizi Alipokaa Mahali pa Mtoto

Msimu mmoja wa masika niliitwa na kituo kimoja cha watoto wenye usonji, upande wa Pasua mjini Moshi, si kwa ajili ya watoto wala ya wahudumu wanaoshinda nao mkekani, bali kwa ajili ya wasimamizi waliopewa jukumu la kuwanoa wahudumu hao katika tiba ya tabia, yaani kumfundisha mtoto ujuzi hatua kwa hatua na kumtuza kila anapoufanya. Uongozi ulilalamika kwamba semina zilifanyika, vitini viligawiwa na wahudumu wakafaulu maswali ya karatasini, lakini wakikaa na mtoto walirudia yale yale ya zamani. Sikushangaa, kwa kuwa katika fani hii imeonekana kwa miaka mingi kwamba kusikiliza mada peke yake hubadilisha majibu ya mtihani zaidi kuliko kunavyobadilisha utendaji.

Asubuhi hiyo nilikaa kwenye kona ya chumba nikimtazama msimamizi badala ya mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa mvulana wa miaka kama mitano, asiyezungumza, aliyependa vizibo vya soda kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa akifundishwa kuomba kwa picha, kwa njia iliyobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, ambayo mtoto humkabidhi mtu picha ya kitu anachokitaka, naye hupewa kitu hicho papo hapo. Hatua ya kwanza huhitaji watu wazima wawili: mmoja hukaa mbele akiwa na kizibo, mwingine hukaa nyuma ya mtoto akiuongoza mkono wake uchukue picha na kuikabidhi, na hakuna anayetamka neno kabla picha haijatua kiganjani. Hapo ndipo penye ugumu, maana wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kukaa kimya mbele ya mtoto ni kumnunia. Dada aliyekaa mbele aliuliza kila mara, "Unataka nini? Haya, nipe picha," na mtoto akawa amezoea kusubiri aulizwe ndipo anyooshe mkono.

"Dada, nilishasema usiulize," msimamizi alisema kutoka mlangoni, faili likiwa kifuani.

"Sawa, Mwalimu."

Swali likarudi. Msimamizi akasogea, akakaa mkekani mwenyewe, akaifanya kazi yote kwa ustadi ambao sikuweza kuutia dosari, kisha akainuka na kuuliza, "Umeona? Umeelewa?" Dada akajibu kwamba ameelewa, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameuliza tena. Jibu lile halikuwa uongo, lilikuwa adabu. Binti hawezi kumwambia mtu wa umri wa mama yake, ambaye amemwamkia shikamoo saa mbili zilizopita, kwamba hajaelewa. Msimamizi anayepima kazi yake kwa "nimeelewa" hapimi kitu.

Wakati wa chai nilimwomba msimamizi tutoke barazani. "Mama, naomba leo wewe uwe mtoto," nikamwambia. Alicheka, akajitanda khanga vizuri, akakaa kwenye kigoda. Dada alikaa mbele yake na kizibo, nami nikakaa nyuma. Mkono wa msimamizi ulikuwa umeshaanza kuifuata picha dada alipouliza, "Unataka nini?" nao ukasimama hewani. Msimamizi aliutazama mkono wake. "Kumbe ni swali linalonisimamisha," alisema, na dada, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akacheka bila kuinamisha uso.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa rahisi kiasi. Nilimwonyesha msimamizi kwamba "usiulize" humwacha mhudumu bila la kufanya, ilhali "fungua kiganja chako mkono wa mtoto ukifika kwenye picha, na useme 'kizibo' ukishaipokea" humpa kazi ya mikono na mahali pa kuliweka neno lake. Walirudia mara kadhaa. Nilimzuia msimamizi asiseme "vizuri" tu, bali ataje alichokiona: "Umefungua kiganja kwa wakati wake, na mdomo umeufunga mpaka mwisho." Kueleza, kuonyesha, kumfanyisha mtu mazoezi na kumpa mrejesho ndiyo nguzo nne za kufundisha wahudumu wa tiba hii, na kituo kilikuwa kimeishia kwenye ya pili.

Mchana meneja aliuliza kuhusu vyeti. Bodi ya Marekani inayowathibitisha wahudumu hawa hutaka wasimamiwe angalau kwa asilimia 5 ya saa zao za huduma kila mwezi, lakini tangu mwaka 2023 haipokei waombaji wapya isipokuwa kutoka nchi chache, na Tanzania haimo. Nilimwambia achukue kipimo hicho hata bila cheti: mhudumu mwenye saa 120 kwa mwezi asimamiwe kwa saa zisizopungua 6, tena mtoto akiwapo.

Msimamizi hakungoja tumalize. Alitoa fomu ya ukaguzi, akakifuta kisanduku cha "ameelewa" na kuandika juu yake "amefanya mbele yangu bila kusaidiwa." Meneja akataka kujua muda utatoka wapi, kwa kuwa kutia tiki ni kazi ya sekunde moja. Walibishana kidogo kuhusu ratiba, kisha kikao cha Ijumaa cha kusomeana taarifa kikafupishwa, na muda uliookolewa ukawekwa kwenye mazoezi ya mkekani kabla watoto hawajafika.