Siku yangu moja: wananikumbuka intaneti ikikatika

Watu wakisikia nafanya kazi ya usalama wa mtandao hudhani nakaa gizani, kofia usoni, nikipigana na wadukuzi kwenye skrini ya maandishi ya kijani. Jana sehemu kubwa ya siku niliimaliza chini ya meza za watu, nimeng'ata tochi ndogo, natafuta waya.

Saa moja asubuhi. Ofisi iko kimya. Nafungua kumbukumbu za faiyawoli, mlinzi wa mlango wa mtandao wetu, kuona usiku umekwendaje. Ni yaleyale: poti, yaani milango ya kuingilia kwenye kompyuta, namba 22, 23, 445, 3389, zimegongwa tena na tena kutoka pande zote za dunia. Hakuna anayetuandama sisi. Ni programu tu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu kila mlango, na milango hiyo kwetu haifunguki kutoka nje. Kisha bakapu, nakala za akiba za mafaili yetu. Taa ya kijani siiamini. Kila asubuhi nachagua faili moja tu na kulirudisha, nione kama linafunguka. Niliwahi kukaa na taa ya kijani miezi miwili, kumbe mafaili yaliyokuwa yakihifadhiwa ni matupu.

Saa mbili, viraka, yaani masasisho ya kuziba udhaifu wa programu. Nusu ya wenzangu wamebonyeza tena "nikumbushe baadaye". Huwa nawaambia habari ya WannaCry: Microsoft ilitoa kiraka Machi 2017, kirusi kikalipuka tarehe 12 Mei mwaka huohuo na kufunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, kikipita kwenye udhaifu uleule uliokwisha kuzibwa. Wananisikiliza vizuri kabisa, halafu wanabonyeza "nikumbushe baadaye".

Saa tatu na dakika kumi simu ikaita. "Fundi, intaneti imekatika." Ya pili ikaita. Ya tatu. Ajabu ni kwamba aliyekaa meza ya jirani na mlalamikaji alikuwa anafanya kazi bila shida yoyote. Nikapanda ghorofa ya pili, nikachomeka kompyuta yangu, nikatazama anwani ya mtandao niliyopewa: 192.168.0.14. Anwani zetu zote huanza na 10. Tumbo likanicheza.

Kompyuta ikiwashwa kwenye mtandao hupiga kelele: jamani, nani ananipa anwani? Seva ya DHCP ndiyo inayojibu. Tatizo ni kwamba katika utaratibu huo hakuna anayeulizwa kitambulisho. Akijitokeza mgawaji wa pili akawahi kujibu, ndiye anayesikilizwa. Na anayegawa anwani hakupi anwani peke yake: anakuambia pia lango la kutokea ni lipi, na majina ya tovuti ukamuulize nani. Akiwa na nia mbaya, anakaa katikati na kila unachotuma kinapita mkononi mwake. Inaweza kuwa shambulio, inaweza kuwa uzembe. Mpaka ukishike kifaa chenyewe mkononi, huwezi kujua.

Swichi, vile visanduku vya matundu vinavyounganisha waya za ofisi, zikiwa nzuri zina kinga ya hili: unaziambia majibu ya DHCP yapokewe kutoka tundu moja tu, mengine yatupwe. Zetu zinayo. Ila hiyo ya ghorofa ya pili niliizima kinga mwezi uliopita tulipokuwa tunahamisha meza, nikasema nitairudisha jioni. Jioni ipi, sijui.

Basi nikachukua anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ya yule mgawaji wa bandia, nikaitafuta kwenye jedwali la swichi: tundu 17. Nikalifunga. Kompyuta zilizokwisha kupokea anwani mbovu hazikupona zenyewe, kwa hiyo nikaanza kupita meza kwa meza, chomoa waya, chomeka, ngoja, haya endelea. Bosi akapiga simu kuuliza itachukua muda gani. Dakika tano baadaye akauliza tena. Nilikuwa meza ya tisa simu zikaanza upya. Narudi kwenye jedwali: MAC ileile, tundu 18.

Hapo nikaelewa kwamba kuna mtu, na huyo mtu anahama.

Lebo za waya zimefifia, kwa hiyo nikaufuata waya wenyewe kwa mkono, nyuma ya makabati, chini ya zulia, mpaka kona ya uhasibu. Mzee wetu yuko pale, miwani puani, na nyuma ya mafaili yake kuna ruta ya nyumbani yenye antena mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja, matundu yenu mabovu. Nimejaribu mawili, hakuna kitu."

Alikuwa amechomeka waya wa ofisi kwenye tundu la upande wa ndani badala ya lile la kupokea intaneti, ndiyo maana ruta ikajiona bosi wa ghorofa nzima. Hilo tungelicheka. Kilichonitoa jasho ni waifai yake: haikuwa na nywila. Tangu asubuhi, yeyote aliyepita nje ya dirisha lile angeweza kuingia moja kwa moja kwenye mtandao wa uhasibu.

Nilikuja na hotuba yangu tayari. Kabla sijaianza, mzee akafungua barua pepe akanionyesha: maombi matatu, waifai haifiki kona hii, tafadhali. Yote yametumwa kwangu. Hotuba ikaishia kooni.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Nilipitia kumbukumbu kuona kama kuna kifaa kigeni kilichojiunga kupitia ile ruta, hakikuwepo. Nilisahau kula. Dada mmoja wa manunuzi akaniita nitazame barua pepe inayodai akaunti yake itafungwa leo. Kwenye anwani ya mtumaji, herufi m ilikuwa r na n zimebanana. Yeye ndiye aliyeiona, mimi nilihitaji kusogeza uso kwenye skrini. Nilimshukuru mpaka akashangaa.

Giza lilipoingia nikairudisha ile kinga kwenye swichi, nikachomeka ruta ya mzee kwa makusudi kuijaribu. Majibu yake yakatupwa. Fomu ya ripoti ya siku ina kisanduku cha "huduma zilizokatika" na kingine cha "sababu". Kwenye sababu nikaandika tundu 17 na 18, kinga iliyozimwa na mimi, na maombi matatu yasiyojibiwa. Nikaandika lebo mpya za waya kwa kalamu isiyofutika, nikaacha ngazi kwenye kona ya uhasibu ya kupandia kesho kufunga antena.