Dila alikataa waranti ya difu, nilivyofanya hadi wakatengeneza bure

Wenye pikapu mpya za 4x4 hii iwasaidie. Yangu ilianza kuvuja oili difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi) ikiwa bado mpya kabisa, dila aliyeniuzia kuona tu nimefunga matairi ya matope akasema hayo ndo yameua difu, waranti hamna, lipa mwenyewe. Sikubishana pale kaunta maana wale wa mapokezi hawana mamlaka yoyote, nikaomba tu wanipe kwa maandishi tatizo ni nini na kipengele gani cha kitabu cha waranti kinaninyima. Hapo kigugumizi kikaanza. Kitabu chenyewe kinasema kifaa ulichoongeza kinafuta waranti pale tu kilipoleta huo uharibifu, na saizi ya tairi zangu ni ileile ya kiwandani, tofauti kashata tu, yaani ile michongo ya juu ya tairi! Nikamwandikia imeili meneja wa sevisi, nikaweka risiti zote za sevisi, namba ya chesisi na picha oili inavyochuruzika, nikamwambia nakala inaenda kwa mtengenezaji na ikibidi FCC, Tume ya Ushindani inayotetea walaji. Wakaniita wenyewe, wakafungua nikiwepo, oili sili (mpira unaozuia oili isivuje) ilikaa upande, wakaweka mpya na oili juu yao. Jobu kadi, ile karatasi ya kazi iliyofanyika, hakikisha imeandikwa waranti, ikivuja tena wasikuzungushe.