Kifaransa cha mwaka wa kwanza, kwa masikio ya Kiswahili

Wanafunzi wengi wa Kifaransa hapa Dodoma hujitwisha mzigo usio wao. Wakitaka kusema kitu, huanza kwa Kiswahili, wakahamia Kiingereza, ndipo wakaingia Kifaransa. Vitini vya Kiingereza vimewazoesha hivyo. Ruka kituo hicho cha kati, kwa sababu mara nyingi Kiswahili kiko karibu zaidi na jibu.

"Nina njaa" ni j'ai faim. "Nina miaka 20" ni j'ai vingt ans. Kitenzi ni avoir, yaani kuwa na, vilevile kama kwetu. Aliyepitia Kiingereza ataandika je suis faim, maana yake "mimi ni njaa". Vimilikishi navyo ni hivyo hivyo: son livre ni kitabu chake, sa maison ni nyumba yake. Neno hufuata kinachomilikiwa, halimfuati mwenye nacho. Sa mère ni mama yake, awe mama wa Juma au wa Asha. Ongeza kanuni moja tu: mbele ya nomino ya kike inayoanza kwa irabu, ma, ta, sa huwa mon, ton, son, kwa hiyo mon école, son amie.

Hata ukanushi si mgeni. Anasema, hasemi: neno limebadilika mwanzo na mwisho. Il parle, il ne parle pas: kitenzi kimebanwa pande zote mbili. Panapowaangusha wengi kwenye mtihani ni baada ya pas, ambapo un, une na des hugeuka de: j'ai un stylo, lakini je n'ai pas de stylo. Kitenzi être, yaani kuwa, hakifuati kanuni hiyo. Utasema ce n'est pas un stylo.

Upatanisho wa kisarufi tumeunyonya na maziwa, ila ngeli za Kiswahili hujionyesha mwanzoni mwa neno, na jinsi ya nomino ya Kifaransa mara nyingi hujionyesha mwishoni. Maneno ya -tion, -ette na -ure kwa kawaida ni ya kike. Ya -ment, -eau na -age ni ya kiume, ukiacha machache kama la plage, une image, l'eau na la peau. Kwenye daftari andika nomino pamoja na un au une. Ukiandika l'école au l'arbre, ile l' imeshaficha jinsi. Une école na un arbre havifichi kitu.

Wingi ndio unaorudi nyumbani kabisa. Ile s ya livres haisikiki. Kinachosikika ni le kugeuka les, mwanzoni, kama ki- inavyogeuka vi-. Kwa hiyo tega sikio mbele ya nomino. Ikifuata irabu, s ya les huamka ikawa z: les amis hutamkwa "lezami". Ila usiiamshe mbele ya héros, maana les héros itasikika kama les zéros, yaani sifuri.

Kiswahili hupotosha kwenye il na elle, kwa kuwa a- yetu haibagui mume na mke. Ukimaliza insha, rudi kwenye kila il na elle, chora mshale hadi kwenye nomino yake. Kumbuka meza, la table, ni elle.

Sasa matamshi, na hapa usifanye haraka. Sisi husoma kila herufi, Kifaransa hakisomwi hivyo. Parle, parles na parlent zinatamkwa sawasawa, "parl", basi. Tena usiongeze irabu mwishoni. Avec si "aveki". Kosa hili linaharibu sarufi pia: katika petit ile t ya mwisho iko kimya, katika petite inasikika na kukatika hapo hapo. Ukiipachika irabu, msikilizaji anapoteza alama ya kike.

Sauti ya u katika tu haipo kwetu. Tamka i ya "siku", usisogeze ulimi, kisha viringisha midomo kama unayepiga mluzi. Jipime kwa dessus na dessous: ya kwanza ni juu, ya pili ni chini, na tofauti yote iko kwenye irabu hiyo moja. Kwa r, anza na gh ya "ghali" iliyotamkwa barabara, si g, kisha irudishe nyuma kidogo kooni. Baada ya t au p hukauka ikakaribia kh: trois, prix.

Irabu za puani zina sentensi yake maarufu, na mji wa zabibu unaifaa: un bon vin blanc, divai nyeupe nzuri. Ina irabu zote nne za puani, ingawa Wafaransa wengi, hasa wa Paris, hutamka un kama in ya vin. Kosa letu ni kufunga kwa ng' ya "ng'ombe": "bong". Shika kioo: ukimaliza bon, mdomo uko wazi na ulimi haujagusa popote; ukimaliza bonne, ncha ya ulimi imegusa juu ya meno. Kisha pambanua vin, divai, vent, upepo, vont, wanakwenda. Jirekodi kwa simu ukiyachanganya maneno hayo, mpe mwenzako aandike anachosikia. Akikosea matatu kati ya kumi, rudia kesho kabla ya kwenda mbele.

Mkazo nao uhame. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa huuweka silabi ya mwisho ya kifungu: universiTÉ, si univerSIté.

Kuhusu namba, kitini kitakupa soixante-dix kwa 70 na quatre-vingt-dix kwa 90. Zijue, ndizo za mtihani wa Ufaransa. Lakini ukikutana na Mrundi au Mkongo utasikia septante na nonante, urithi wa Ubelgiji. Nayo ni sahihi, usimsahihishe.