Ndoo ya mfuto: kuisoma tena Suratul-Mutaffifin

Suratul-Mutaffifin niliihifadhi nikiwa na umri wa miaka kumi, katika chuo kimoja cha Qur’ani cha Mikindani, kwa sababu moja tu: ilikuwa njiani. Sisi watoto tulikuwa tukiipanda Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qur’ani, kutoka chini kwenda juu, tukianzia Suratun-Nas, na kila aliyezivuka sura fupi za mwisho alijua kwamba baada ya Inshiqaq inamsubiri sura ya 83, yenye aya 36 na maneno yanayojirudia kwa namna ya kumpoteza msomaji asiyekuwa makini. Ukifika kwenye “kitabun marqum”, yaani kitabu kilichoandikwa, unatakiwa ukumbuke kama uko kwenye Sijjin, lilipo daftari la waovu, au kwenye Illiyyun, la watu wema, la sivyo utaruka nusu ya sura na fimbo ya mwalimu itakurudisha. Maana yake sikuijua. Nilijua mahali pa kuvuta pumzi.

Mwaka huu nimejiwekea utaratibu wa kusoma sura moja kila wiki baada ya swala ya alfajiri, pamoja na tafsiri yake, polepole, na wiki mbili zilizopita zamu ilikuwa ya hiyo. Wanazuoni wamehitilafiana kama iliteremka Makka au Madina. Ibn Abbas amepokewa akisema kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wake wakiwa wabaya sana katika vipimo, Mwenyezi Mungu akateremsha “Waylun lil-mutaffifin”, yaani ole wao wapunjao, na baada ya hapo wakavitengeneza vipimo vyao. Kilichonishika mimi ni neno lenyewe. Wanalugha wanalirudisha kwenye “tafif”, yaani kitu kidogo, kitu kisicho na thamani kubwa. Mutaffif si mwizi wa ghala wala mnyang’anyi wa njiani. Ni mtu anayechukua kidogo ambacho mwenzake hatakidai, au ataona haya kukidai. Sisi Waswahili tunasema haba na haba hujaza kibaba, na siku zote tumelitumia neno hilo kumsifu anayeweka akiba. Sikuwahi kufikiri kwamba kibaba kinaweza pia kujazwa kwa haba za watu wengine.

Naungama kwamba mara ya kwanza niliisoma kwa raha. Mimi ni binti wa mkulima wa korosho, na shamba la marehemu baba lililoko Newala ndilo linalonisaidia kuongezea mshahara wangu wa ualimu, kwa hiyo niliposoma “ole wao wapunjao” nilikuwa tayari nina orodha ya watu wa kuwatilia ole hiyo. Aliyekulia Mtwara au Lindi hahitaji kufasiriwa aya hii. Tumeijua lumbesa, gunia linaloshonewa nyongeza juu ya mdomo wake na bado likaitwa gunia moja. Tumeijua kangomba, ambapo mkulima aliyekosa ada ya shule au chakula cha mwezi Julai huuza korosho zikiwa bado ni maua, kwa bakuli na kwa bei ya mwenye bakuli. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ulipoanza huku mwaka 2007 tuliambiwa kwamba sasa mizani ndiyo itakayosema, na kweli imesema mengi, lakini msamiati wetu nao ukaongezeka neno “unyaufu”, ambalo kwa haki yake ni kupungua uzito kwa korosho inayokauka, na kwa dhuluma ni jibu analopewa mkulima asiyeelewa kilo zake zimekwenda wapi. Mwaka 2018, Serikali ya Rais Magufuli ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakazisomba, nilisimama kwenye foleni ya uhakiki nikiwa na kinyongo dhidi ya wote waliowahi kunipimia. Katika chama kimoja cha ushirika, ambacho sitakitaja, niliwahi kugombana na karani mbele za watu kwa ajili ya kilo tatu. Nilikuwa na haki, na nilizipata.

Kisha nikairudia aya ya pili na ya tatu. Mwenyezi Mungu hakuishia kumtaja mwenye kupunguza. Amemweleza kwa pande zote mbili za mizani: anapopimiwa na watu hudai atimiziwe, na anapowapimia wao hupunguza. Kudai utimiziwe si kosa, hata mimi nilidai kwa karani. Kosa ni kwamba mkono uleule unaojua kudai unasahau ukigeukia upande wa pili. Nilipofika hapo nikaikumbuka ndoo.

Korosho haichumwi mtini, huokotwa chini baada ya bibo kuanguka, na kazi hiyo shambani kwetu hufanywa na vibarua, wengi wao akina mama, wanaolipwa kwa ndoo. Ndoo yetu ni ya lita 20. Wazee walipokuwa wakipima kwa pishi na vibaba walikuwa na neno “mfuto”, kipimo kinachosawazishwa juu kwa kiganja kisizidi mdomo wa chombo. Ndoo yetu haikuwa ya mfuto. Ilikuwa inatikiswa, inashindiliwa, halafu inajazwa hadi ifanye mlima na korosho zianze kuteleza zenyewe. Asubuhi ileile nilimpigia simu mtoto wa kaka yangu anayesimamia shamba, nikamuuliza msimu huu wanapimaje.

“Tunapima kama ulivyotufundisha mwenyewe, shangazi,” akajibu, tena kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa.

Sijapata tafsiri ya Qur’ani iliyoniingia kama jibu hilo.

Katikati ya sura kuna aya ya 14, inayosema kwamba nyoyo zao zimefunikwa na yale waliyokuwa wakiyachuma. Neno la Kiarabu ni “rana”, na katika hadithi ya Abu Huraira aliyoipokea Tirmidhi imeelezwa kwamba mja akikosea huwekwa doa jeusi moyoni mwake, akitubu husafishwa, na akirudia huzidi hadi likaufunika moyo wote. Tafsiri ya Kiswahili ninayoisoma imeandika “kutu”. Mkaazi wa Mikindani anaijua kutu. Hewa ya bahari imekwisha kula mizani ya saa tuliyoachiwa na baba, kiasi kwamba mshale wake umegoma kwenye kilo nne, na hakuna aliyeiona siku ilipoanza. Halafu Kiswahili kikaniongezea jambo ambalo Kiarabu hakina, kwa kuwa chuma ni kupata na chuma ndicho kinachoshika kutu, nikakaa na neno hilo hadi chai ikapoa. Si elimu ya tafsiri, najua, na sheikh angeweza kunikatalia.

Aya za watu wema nilizipita haraka zaidi kuliko inavyostahili, pamoja na kinywaji kilichotiwa muhuri wa miski na chemchemi ya Tasnim, ingawa mtu aliyezoea harufu ya mabibo yanayochacha chini ya mikorosho huisoma habari ya kinywaji safi kwa hamu ya pekee. Nilikuwa nimekwisha kuona kinachokuja. Mwisho wa sura unawaeleza waovu wakiwacheka walioamini, na wakipita karibu nao hukonyezana. Nilikuwa nikidhani sehemu hii haina uhusiano na mizani. Lakini miaka miwili iliyopita mama mmoja mtu mzima alipitisha kiganja chake juu ya ndoo, akaisawazisha taratibu bila ya kusema neno, na mimi nikamtazama mtoto wa kaka yangu, tukakonyezana. Hatukuwa na nia mbaya, tulimwona mjanja. Ndoo ikajazwa tena.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Newala na mizani nzima niliyoazima kwa jirani. Tukajaza ndoo ya mfuto, tukapima, ikawa kilo kumi na kidogo. Tukajaza ya mlima, ikazidi ile ya kwanza kwa karibu kilo mbili. Maana yake kila ndoo tano nilizozilipia, ya sita nimeokotewa bure, na hivyo tangu baba afariki. Kijana alipiga mstari wa rangi karibu na mdomo wa ndoo, na akina mama waliokuwepo walilipwa tofauti ya siku walizokwisha kufanya kazi msimu huu. Hawakushangilia. Mmoja aliuliza kama nauza shamba.

“Na wa miaka ya nyuma, shangazi?” kijana akaniuliza wakati tunafunga stoo.

Daftari ninalo. Haki za watu hazifutiki kwa istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, ya mkosaji peke yake, hilo tulifundishwa mapema chuoni, na bahati yangu, au msiba wangu, ni kwamba mimi ni mwalimu na huandika kila kitu: jina, tarehe, idadi ya ndoo. Kitabun marqum, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Majina mengi ni ya watu wa vijiji vya jirani na nimeanza kuwatafuta. Wawili wamekwisha kufariki, na watoto wao wapo. Yule mama wa kiganja ameandikwa kwa jina moja tu, na wenzake wanasema alivuka Ruvuma kurudi kwao Msumbiji.